Mwanangu, goti linasemaje?

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaikum. Huku tu wazima, alhamdulillahi, ila bibi yako miguu inamsumbua kila mvua ikitaka kunyesha. Nakuandikia kwenye karatasi ya kukatia vipimo kwa sababu daftari la mdogo wako limekwisha. Yeye ndiye ataipiga picha akutumie kwenye simu. Mwandiko ukikushinda nivumilie, umeme umekatika tangu adhuhuri na nimekaa mlangoni pa kibanda nikifukuza giza.

Jina lako nimeliona. Ile orodha ya kambi ya Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, nimeisoma mara nane, mara ya tisa nikampa mzee wa duka la jirani anisomee kwa sauti, nikijifanya sina miwani. Hapo sisemi zaidi, maana nitalia, na kuna mteja anasubiri kanzu yake.

Sasa goti linasemaje?

Usiniambie "niko poa, baba." Ile picha uliyoweka mtandaoni nimeiona. Mko sita, mmesimama kando ya uwanja mnacheka. Watu wote wameangalia sura, mimi nimeangalia nyonga. Miaka 34 napima watu suruali, mama, namjua mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Uzito wote umeutupa kushoto, na mguu wa kulia umeuweka kama mgeni anayekanyaga mkeka wa watu. Halafu chini ya soksi pale gotini pana kitu kimetuna. Mama yako anasema ni mkunjo wa soksi. Mkunjo wa soksi hauzunguki mguu mzima.

Najua utakachofanya. Daktari wa timu atakuuliza, utamwambia huna maumivu popote. Atakuambia ruka, utaruka mara tatu mbele yake huku unacheka, halafu ukifika bafuni ndipo utauma taulo. Najua kwa sababu umezaliwa na mimi.

Wala sikushangai. Ile jezi ina mambo yake. Nilikuwa na miaka 13 Peter Tino wa Taifa Stars aliposawazisha kule Ndola, sare ya 1-1 na Zambia, ndiyo iliyotupeleka fainali za Afrika za Lagos 1980. Sisi hatukuwa na redio, tulijazana nje ya dirisha la mwenye redio, watoto chini, wazee nyuma. Goli lilipoingia mzee mmoja alivua kofia yake akairusha juu ya bati, na haikushuka tena. Alirudi kwake kichwa wazi, anacheka peke yake. Mpaka leo mtu wa umri wangu ukimtajia Ndola atakuambia alikuwa amesimama wapi. Baada ya Lagos wanaume wetu walikaa miaka 39 bila kurudi kwenye fainali hizo, hadi 2019. Sasa mtu akiwekewa jezi ya namna hiyo kitandani, amekunjiwa vizuri, ataanza kusema habari za goti? Naelewa. Ndiyo maana naogopa.

Nyie ndio mna kiburi cha ajabu zaidi, maana mnapiga mpira watu wa jukwaani wanahesabika kwa vidole na bado mnakimbia kama uwanja umefurika. Juzi kijiweni kuna mmoja kauliza, hiyo timu ya wanawake ina nini cha kuangalia? Nikaweka kikombe cha kahawa chini. Nikamwambia Oktoba 2022, kule India, Serengeti Girls, mabinti zetu wa taifa, waliwafunga Ufaransa 2-1 na wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Nikamwomba anitajie timu yake ya wanaume iliyofika hapo. Akaagiza kashata.

Na Julai 2025, mechi zenu za Kombe la Afrika la wanawake kule Morocco, nilikwenda kuangalia kwa jirani mwenye king'amuzi. Ile ya Afrika Kusini sitaisahau. Wao walikuwa mabingwa watetezi, na Opa Clement anafunga, tunawaongoza mabingwa wa Afrika! Wakasawazisha, ikaisha 1-1. Tulishafungwa na Mali 1-0, na Ghana wakaja kutupiga 4-1, basi, tukarudi nyumbani. Lakini usiku ule wa sare jirani alichinja kuku. Nikuambie kitu kimoja: wakati wa wimbo wa taifa wenzangu wote wanaangalia midomo, nani anaimba na nani anatafuna hewa. Mimi naangalia miguu. Nani amesimama sawa, nani ameegemea upande. Kuanzia mwezi ujao nitamwangalia mmoja tu.

Sasa utaniletea habari za Drogba wa Ivory Coast, najua, picha yake ilikuwa ukutani kwako mpaka mchwa wakaila. Ndiyo, 2010 alivunjika mkono kwenye mechi ya kirafiki na Japani, na siku kumi na moja baadaye akaingia kucheza na Ureno mkono umefungwa kinga. Lakini ni mkono, Mwanaidi. Na hakuuficha. Madaktari walijua, kocha alijua, dunia nzima tuliiona ile kinga. Mbona humtaji Salah? Alipoumia bega 2018, Misri nzima ilikuwa inamlilia, ikafika mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia na Uruguay, akakaa benchi dakika zote. Walifungwa 1-0 dakika za mwisho kabisa. Mechi ya pili akacheza, akafunga. Hakuna Mmisri aliyemwita mwoga, na kama yupo basi hajui mpira.

Goti si bega. Nesi wa zahanati yetu, yule anayeshonea kwangu sare zake, ameniambia mabinti wanaocheza mpira huumia goti kuliko wavulana, na ile kano ya katikati ikikatika si jambo la kukanda na maji ya chumvi. Ni upasuaji, na ni miezi tisa au mwaka mzima bila mpira. Mwaka mzima! Kwa umri wako, kambi moja inayokupita ni kambi moja. Mwaka mzima ni kitu kingine.

La kwangu mimi umelichoka, kwa hiyo nalipita. Timu ya mkoa, Kombe la Taifa, nikawaambia niko sawa. Ndiyo hivi unaniona nakanyaga cherehani kwa mguu mmoja.

Ya uwanja wa Mkwakwani pia siyarudii, ulikuwepo. Ila ukimsikia mtu anamwambia mtoto wa miaka 15, "lifunge kitambaa ukacheze, wasaka vipaji wamekuja leo tu," ujue hata mtu mzima anaweza kusema upuuzi kwa kutaka kitu sana. Mama yako alikataa siku ile. Sijawahi kumwambia kwamba alikuwa na haki, na wewe usimwambie kwamba nimeandika hivi. Huyu mpiga picha nimeshamwahidi soda.

Kila nikishika pasi, hii ya mkaa, nakikumbuka kile kitambaa. Kilikuwa kipande cha mabaki ya shuka ya mteja. Nilikikata mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukifika kambini, kabla hujafungua begi, mtafute daktari wa timu, mwambie la kulia, lilianza lini, linauma ukishuka ngazi au ukipanda. Usingoje akuulize. Wakikurudisha nyumbani, rudi, nitakuja kukupokea stendi mwenyewe na sitauliza kitu. Wakikuambia uko sawa, basi cheza mpaka jasho liishe, na mtu akikupita mfuate hadi kwao. Sitaki kusikia binti yangu amepitwa na mtu halafu anatembea.

Na jambo lingine, mama yako hujampigia tangu Jumapili ya juzi. Picha watu wa mtandaoni wamezipata, habari ya kambi wamepewa kwanza marafiki, sisi tumeisikia kwa mtoto wa jirani. Amenuna. Anasema hajanuna, lakini vitumbua vya jana viliungua upande mmoja, na mama yako hajaunguza kitumbua tangu mdogo wako azaliwe. Mpigie yeye kwanza, mimi baadaye. Ukimpigia usimtajie goti, atafunga safari usiku huohuo, na nauli yenyewe hatuna.

Mdogo wako ana mtihani wa kidato cha nne na anasoma akiwa amevaa jezi yako ya zamani, ile iliyotoboka kwapani. Nimetaka kuitia kiraka amekataa, anasema ni tundu lako. Mbuzi amezaa mapacha. Bati la chumba cha cherehani linavuja palepale, nimeweka sufuria. Ukipewa posho usitume hela ya bati, hiyo sufuria haijajaa bado. Nunua viatu vizuri vya mpira, si hivyo vya kuazima namba 39 wakati wewe unavaa 38. Kiatu kikubwa ndicho kinachopinda goti. Halafu kula. Kwenye picha suruali imekulegea kiunoni kama inchi moja na nusu.

Nijibu swali moja tu, na usinipambie: asubuhi ukiamka, unatangulia kushusha mguu gani?

Ni mimi baba yako.

Nimesahau. Mkanda wa cherehani umekatika tena, nimeufunga kwa uzi. Ukipata nafasi pita Kariakoo uniletee wa ngozi, usikubali wakuuzie wa mpira. Lakini usitembee kutoka kambini. Na bodaboda usipande, utaanguka. Mtume mtu.