Kabureta haijafa, imeziba tu

Mhariri,

Nipe kanafasi kwenye ukurasa wa barua, hili jambo limenikaa rohoni tangu wiki jana. Mimi ni kinyozi hapa Busia upande wa Uganda, na stima yetu mnaijua, saa hii ipo saa ile haipo, kwa hiyo nina kajenereta kadogo ka petroli nyuma ya kibanda. Siku hiyo nina mwalimu mmoja kwenye kiti, nusu ya kichwa imeisha nusu bado, stima ikapotea. Nikavuta kamba mpaka bega likaniuma, inawaka nikiwa nimefunga choki, kile kifuniko cha kupunguza hewa, nikiifungua tu inakata. Mwalimu akaondoka na kofia.

Makanika akaja, hakufungua hata skrubu moja, akaisikiliza tu akasema kabureta imekufa, leta 80,000 nikununulie mpya. Nikamwambia ngoja kwanza. Nina binamu anatengeneza boda pale steji, yeye ndiye amenifungua macho, na naandika kwa sababu naona wengi tunaliwa pesa bure kwa kutojua hiki kidude kinafanya nini.

Kabureta kazi yake ni kuchanganya hewa na petroli, basi. Chukua mrija wa soda usimamishe kwenye glasi ya maji, halafu kwa mrija mwingine puliza kwa nguvu juu ya mdomo wa ule wa kwanza, maji yatapanda yenyewe yarushwe kama manyunyu. Ni hivyo hivyo. Pistoni ikishuka inavuta hewa, hewa inapita mahali kabureta imebanwa kama kiuno, pale inakimbia zaidi na presha yake inashuka, sasa petroli iliyo kwenye kibakuli cha chini inasukumwa na hewa ya nje ipande kupitia katundu ka jeti. Ndani ya kibakuli kuna floti, inaelea kama ile ya tangi la choo, petroli ikijaa inainua sindano inafunga njia ya petroli, ikipungua inafungua. Injini inataka kama kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, ila ikiwa baridi inataka petroli zaidi ndio maana tunafunga choki hewa ipungue.

Sasa yangu ilikuwa inawaka na choki tu, maana yake petroli haifiki ya kutosha, jeti imeziba. Kufa wapi!

Binamu akafunga bomba la petroli, akafungua bolti ya chini, akakinga kibakuli kwa kopo. Mle ndani kulikuwa na matone ya maji kama shanga, na utomvu wa kahawia unanata, unanuka kama vanishi ya seremala. Ni petroli niliyoiacha miezi na miezi ikakauka. Akatoa jeti akaiinua kwenye jua, tundu halipitishi mwanga hata kidogo. Mimi mwerevu nikaleta waya, akanipiga mkono, jeti ni ya shaba, ukiikwangua tundu linapanuka halafu injini inaanza kunywa petroli na kutoa moshi mweusi. Akatumia uzi wa nailoni, ule wanaovulia samaki kule Majanji, akaosha na petroli safi, akapuliza na pampu ya baiskeli. Nusu saa tu. Nikampa 10,000 na soda.

Huyo huyo aliwahi kupanda na boda mpaka Kabale, kule karibu mita 2,000 juu, ikawa haina nguvu na moshi mweusi, kumbe hewa ya kule ni nyepesi na jeti ni ile ile, petroli inazidi. Makanika wangu hapo angeuza kabureta ya pili.

Siku hizi nikijua sitaiwasha muda mrefu, nafunga bomba naiacha iungurume mpaka izime yenyewe, kibakuli kibaki kikavu. Nyinyi mafundi, najua mna njaa kama sisi, lakini fungueni kibakuli kwanza ndio mtaje bei. Na mwalimu, kama unasoma gazeti hili, rudi tumalize, ile nusu nyingine sikulipishi.

Kinyozi,
Busia, Uganda