YAH: Malalamiko kuhusu mchoro wangu wa pande tatu uliolazwa bapa na fundi wenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti ya mkataba wa huduma ya programu ya kuchorea mliyoniuzia mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Jumatatu iliyopita, mbele ya mteja niliyemleta ofisini kwenu aione stendi ya tangi lake kwenye skrini, kijana wenu alinipokonya kipanya, akaufuta mchoro wangu wa pande tatu, akaiangusha mistari yote kwenye bapa moja, yaani uso mmoja tambarare, kisha akasema: "Mzee, mchoro ni mchoro tu." Mteja wangu akacheka.

Kwa heshima zote, mchoro si mchoro tu. Mchoro bapa hukaa juu ya uso mmoja, na kila mstari wake husomeka kwa urefu wake halisi. Mihimili ya ndani ya stendi ile haikai kwenye uso huo. Inatoka kona ya chini na kupanda hadi kona ya juu ya upande wa pili, ndiyo maana niliichora katika pande tatu. Mstari wa milimita 1,200 ulioinuka nyuzi 30 kutoka kwenye bapa, ukiuangusha juu ya bapa hilo, utasomeka milimita 1,039. Programu haikukosea, ilipima kivuli, kama ilivyoamriwa. Orodha ya vipimo vya kukatia paipu za mihimili aliichapisha kijana wenu na kuigonga muhuri wa ofisi, nami nikiwa saiti siku iliyofuata, karakana ikakata vipande 16, kila kimoja kikiwa pungufu kwa milimita 161.

Na shida niliyowaletea ilikuwa ndogo mno: baada ya kuweka toleo jipya la programu mliloniuzia, mistari miwili iligeuka myekundu kwa kuwa masharti yake, yaani maagizo yanayoiambia programu mstari ukae vipi, yaligongana. Kufuta sharti moja kungetosha.

Naomba nilirudie la Jumatatu, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko paipu. Nilikuwa nimekaa, yeye amesimama nyuma yangu. Nilimwambia mara mbili, "Usifute, hiyo mihimili imekaa mshazari," naye bila kunitazama akajibu kwamba watu wa karakana tunapenda kujitatizia kazi, kisha akafuta na kuhifadhi juu ya faili langu lilelile, katika toleo jipya ambalo toleo langu la zamani haliwezi kulifungua. Ndipo mteja wangu alipocheka, na jana amenipigia simu kuuliza kama kweli ninaijua kazi hii.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba nirudishiwe ada ya huduma ya mwezi huu. Sasa naona haitoshi. Nataka ada hiyo, gharama ya paipu zote 16 pamoja na siku mbili za wachomeleaji wangu, mchoro wangu uchorwe upya kwa gharama zenu na mtu anayetofautisha mstari na kivuli chake, na kijana huyo aniombe radhi mbele ya mteja yuleyule.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku saba, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani nikiwa na orodha yenye muhuri wenu. Vipande 15 nitavishusha mlangoni kwenu. Kile cha 16 nitakibakiza kiwe ushahidi.

Wenu,
Mmiliki wa karakana,
Keko, Dar es Salaam