Risala ya vijana wa kata kwa mgeni rasmi, Siku ya Wazee: blanketi sita na hamna tochi

Mheshimiwa mgeni rasmi Mkuu wa Wilaya yetu, mheshimiwa diwani, mtendaji wa kata, wenyeviti wa vijiji, baba paroko na mchungaji, wazee wetu mliokaa hapo mbele kwenye kivuli na nyie vijana mliobaki juani, shikamooni kwa wanaostahili, na wenzangu mambo vipi.

Mimi ni katibu wa kikundi, risala hii nimeiandika usiku kwenye simu kwahiyo nikikwama mahali mnivumilie, na chaji ikiisha nitamalizia kichwani.

Sisi ni vijana wa kata hii hii, wengi bodaboda, wengine wanauza ndizi na parachichi pale stendi, mmoja ni seremala (huyo nitamtaja tena huko mbele), na shughuli yetu kubwa ni kuweka na kukopa kila Jumamosi. Mambo ya wazee hayakuwa kazi yetu kabisa, tusidanganyane. Yalianza Desemba ile tulipochanga hela tukanunua mablanketi tukagawa kwa wazee, tukapiga na picha, tukapost, tukasifiwa mnooo. Mwezi wa pili mwenzetu mmoja akampeleka bibi mmoja nyumbani na pikipiki, mvua ikamkamata huko akaingizwa ndani kuotea moto, ndo akaona kwenye kona kuna mablanketi sita yamepangwa, mengine bado yako kwenye nailoni yake. La kanisani, la chama, la mjukuu wa Dar, la kwetu sisi, na mengine hata bibi hakumbuki nani alileta. Alafu bibi huyo huyo akamuomba kijana amuachie tochi ya simu mpaka amalize kwenda chooni maana juzi alianguka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, blanketi sita na hamna tochi. Tulikaa Jumamosi tukaongea hilo jambo tukaona aibu, ndo tukakubaliana kabla hatujachanga tena shilingi yoyote tuzunguke nyumba kwa nyumba tuwaulize wenyewe.

Niseme kidogo kwanini huku kwetu hili jambo ni zito kuliko kwingine. Sensa ya 2012 Tanzania tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 tukawa milioni 61.7, yaani nchi imeongezeka zaidi ya theluthi moja kwa miaka kumi. Mkoa wa Kilimanjaro tulitoka watu 1,640,087 tukafika 1,861,934, hata asilimia 14 haijafika. Sio kwamba huku hatuzai jamani, tunazaa vizuri tu, ila tunazaa tunapeleka Dar, Arusha, Mwanza, kila kona yenye duka kuna mtu wa kwetu. Wanaobaki kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, ni babu, bibi na migomba, na tarehe 20 Desemba magari yanapanda mlimani, nyumba zinawashwa taa, mbuzi anachinjwa, tarehe 3 Januari kimya. Kwahiyo mtu akija Krismasi akiangalia anaona wazee wa huku wana raha kweli kweli, nyumba ya tofali, geti, vigae. Aje mwezi wa nne mvua za masika zikiwa zimekolea.

Sasa kuhusu namna tulivyouliza, maana hapo tulikosea sana mwanzoni na mimi naona ni muhimu watu wa halmashauri wasikie. Siku ya kwanza tulienda na karatasi yenye maswali kama una uhitaji wa chakula, una uhitaji wa nguo, una uhitaji wa godoro. Kila mzee akajibu ndiyo. Nani atakataa godoro? Jioni tukawa na daftari limejaa ndiyo tupu halina maana yoyote. Kosa la pili tuliuliza mbele ya watu wa nyumbani, babu yuko pembeni ya mkwe wake tunamuuliza anakula vizuri, atasema nini zaidi ya nakula vizuri wanangu, aika mbe, yaani asanteni. Balozi wetu wa nyumba kumi, ambae ni mama mtu mzima na ana akili kuliko sisi wote, akatuambia nyie vijana rudini siku ya soko mkwe akiwa ameshuka kuuza ndizi, mkae na mzee, msiulize anataka nini, muulizeni jana tangu alipoamka mpaka alipolala alifanya nini.

Hilo swali moja ndo lilifungua kila kitu. Mzee anaanza, niliamka saa kumi na moja nikasubiri kupambazuke ndo niende chooni maana giza. Kwanini usubiri mzee? Kwasababu choo kiko chini kule bondeni na njia inateleza. Maji je? Nateka kidogo kidogo na kidumu cha lita tano siwezi cha ishirini. Umekula nini? Chai, alafu jioni nikachemsha ndizi. Mchana je? Mchana siwashi moto, kuni ziko mbali na macho yanauma na moshi. Yaani mtu anakueleza shida zake zote na hajalalamika hata mara moja.

Choo ndo kilitushangaza. Sisi tulidhani tutasikia dawa dawa dawa, na dawa ipo nitaisema, ila nyumba nyingi tulizoingia kilichotajwa kabla ya kitu chochote ni choo. Choo cha shimo cha kuchuchumaa mtu wa miaka 78 mwenye magoti mabovu hawezi, akishachuchumaa hainuki, kuna babu alituonyesha amefunga kamba kwenye boriti ndo anaivuta kunyanyukia. Kuna bibi wawili wanapunguza kunywa maji jioni ili wasiamke usiku, na mmoja wao ana presha na anatumia vidonge vinavyomtaka akojoe mara kwa mara, sasa naye anaviruka vidonge. Mnaona mnyororo ulivyo? Ukimuuliza nesi atasema huyu bibi hafuati dozi, kumbe shida sio kichwa ngumu, ni choo. Na akianguka huko bondeni akavunjika nyonga hapo ndo mwanzo wa kulala kitandani, na wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Ndo hapo seremala wetu akaingia kazini. Akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati na mikono ya kushikia, kinakaa juu ya shimo, ukimaliza unakitoa unakisafisha. Mbao ni mabaki ya karakana yake, hela iliyotoka mfukoni ni ya misumari na rangi. Mpaka leo ameshatengeneza tisa na foleni ipo. Vimefanya kazi kuliko mablanketi yote ya Desemba, na hamna aliyepost.

Kwenye matibabu, sera ya wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na kwamba asiye na uwezo atibiwe bure. Dirisha la wazee lipo na kibao kipo, tunashukuru kwa dhati. Ila mheshimiwa, dirisha halina shida, shida ni kulifikia. Mwenzetu mmoja alitembea na bibi kutoka kwake mpaka kwenye kituo cha afya anachotibiwa. Kijana mwenyewe anatumia dakika kumi na tano kushuka. Na bibi walitumia saa nzima na zaidi, walikaa kwenye mawe mara nne, na kurudi ni kupanda. Bodaboda kwenda na kurudi hela inayotoka ni ile ile ya kununua sukari na mafuta ya taa. Alafu afike aambiwe dawa ya presha imeisha aje wiki ijayo au akanunue dukani. Matibabu ni bure kweli, ila safari mbili za bodaboda na dawa ya dukani anazilipa nani?

Kuna jambo la vidole pia. Mzee aliyelima kahawa miaka arobaini vidole vyake vimesuguka, mashine ya alama za vidole haivisomi, anaambiwa aoshe mikono, apake mafuta, arudi kesho. Bila alama kitambulisho cha taifa kinakwama, na bila kitambulisho hamna laini ya simu ya jina lake. Kwahiyo laini ni ya jina la mjukuu, hela inayotumwa na mwanae wa Dar inaingia kwenye simu ya jina la mjukuu, meseji hawezi kuisoma kwasababu miwani hana, na namba ya siri anayo kila mtu isipokuwa yeye. Hapa nisiendelee maana wengine wanaohusika tumekaa nao hapa hapa uwanjani.

Na upweke nao, naomba wazee mnisamehe kulisema hili mbele za watu. Wengi tulipomaliza kuuliza walituambia mkae kwanza, mnaenda wapi. Babu mmoja alitupikia chai mara ya pili ili tusiondoke.

Sasa mheshimiwa mgeni rasmi tunaomba nini. Hatuombi mablanketi, tafadhali sana.

Tunaomba mpango wa bajeti wa vijiji na kata ukianza kuandaliwa, na tunajua ni miezi hii inayokuja ili ifike Julai iwe imeshapita, afisa ustawi wa jamii akae na hili daftari letu kabla ya vikao na sio baada. Idadi tumeandika humo kijiji kwa kijiji, nani anaishi peke yake, nani analea wajukuu, nani haoni vizuri, nani hajapata kitambulisho. Jumapili wazee wanaoweza kutembea wanakuja kanisani wenyewe, na wa msikitini wanakuja Ijumaa, kwahiyo mhudumu wa afya wa jamii akija na mashine ya presha na dawa mara moja kwa mwezi pale nje atawakuta wamejaa bila kuita mtu, na wasioweza kufika sisi bodaboda tutampandisha huyo mhudumu kwao. Mafuta tutagawana. Kuhusu vidole tunaomba maafisa wapande huku siku moja na utaratibu wa kumsaidia mtu ambae alama zake hazisomeki, sio mzee ashuke mjini mara tatu.

Kuna la mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mgao ni wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Mzee kama mzee hayumo, labda bibi apite mlango wa wanawake. Tunajua ni sheria na haiko mikononi mwako leo, ila wewe una pa kuongelea sisi hatuna. Wenzetu Zanzibar tangu Aprili 2016 aliyefikisha miaka 70 anapata Pensheni Jamii kila mwezi bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa, ilianza shilingi 20,000 ikaja kupandishwa 50,000. Huku bara mkulima wa kahawa hajawahi kuwa na mwajiri, nani amlipe kiinua mgongo, mti wa kahawa?

La mwisho haliwahusu wazee hawa, linatuhusu sisi. Kwenye daftari tumeandika pia watu wa miaka 50 mpaka 59, wengine walikasirika wakasema mimi sio mzee toka hapa. Sawa, ila aliyekuwa na 50 kwenye sensa ya 2022 akifika 2032 ana 60, na njia ya zahanati ikichongwa ngazi na kuwekwa mkono wa kushikia leo yeye ndo atakayeitumia. Na kwenye kikundi chetu nilipouliza nani anachangia mfuko wowote wa hifadhi ya jamii, walinyoosha mkono wawili. Wawili, na tuko thelathini na moja. Hiyo nayo nimeiandika, ukurasa wa mwisho.

Daftari ndo hili mheshimiwa, naomba seremala aje tulikabidhi pamoja, na kile kiti kiko pale nyuma ya spika kwa yeyote anayetaka kukijaribu, kimeoshwa. Naomba kuwasilisha.