Barua kwa mwanangu anayeanza kusoma mantiki

Mwanangu mpendwa,

Umechagua falsafa, na mwaka wa kwanza utaanza na mantiki. Watakaokuuliza utakula nini na somo hilo ni wengi, waache. Ninachotaka kukuandikia ni namna linavyosomwa, kwa sababu wanafunzi wengi hulisoma kama historia: wanakariri majina ya wanafalsafa, halafu mtihani unawaletea hoja wasizowahi kuziona.

Kwanza shika tofauti ya hoja halali na hoja thabiti. Hoja ni halali ikiwa haiwezekani madai yake yote yakawa kweli na hitimisho likawa uongo. Ni thabiti ikiwa ni halali na madai yake yote ni kweli. "Samaki wote wana manyoya, papa ni samaki, kwa hiyo papa ana manyoya." Hoja hii ni halali, ila si thabiti, kwa kuwa dai lake la kwanza ni uongo. Kwa hiyo ukitaka kuipinga hoja ya mtu, sema kwanza unapinga nini, umbo lake au mojawapo ya madai yake. Mabishano mengi hayafiki popote kwa kukosa hatua hii moja.

Sentensi za "ikiwa" ndizo zinazoangusha watu kuliko zote. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Peter Wason alieleza jaribio la kadi nne. Tuseme zinaonyesha A, K, 4 na 7, kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili, na kanuni ni hii: ikiwa upande mmoja una irabu, upande wa pili una namba shufwa. Utageuza zipi ili ujue kama kanuni imevunjwa? Wengi huchagua A na 4, au A peke yake. Jibu ni A na 7. Nyuma ya 4 hata kukiwa na K, kanuni haijavunjwa, kwa sababu haikusema lolote kuhusu konsonanti. Lakini nyuma ya 7 kukiwa na irabu, imevunjika. Rudia jaribio hili mpaka uweze kumweleza mwenzako sababu bila kutazama daftari.

Majedwali ya ukweli, yanayoorodhesha kila namna sentensi zinavyoweza kuwa kweli au uongo, ni kazi ya mkono tu. Sentensi sahili 2 zinahitaji mistari 4, 3 zinahitaji 8, na 5 zinafikia 32. Panga mistari kwa utaratibu uleule kila mara, maana anayeijaza kwa kubahatisha huruka mmoja, na mara nyingi ndio ule uliokuwa na jibu.

Kuwa mwangalifu pia na "wote" inapokutana na kukanusha. "Wanafunzi wote hawakufaulu" inaweza kumaanisha hakufaulu hata mmoja, au kwamba wapo waliofeli. Andika maana zote mbili, kisha uamue mwandishi alikusudia ipi.

Ukifika kwenye maandishi ya falsafa yenyewe, punguza mwendo. Kurasa kumi zinaweza kukumalizia jioni nzima, na huo si uzembe. Soma mara ya kwanza ukitafuta hitimisho tu. Mara ya pili andika madai kwa maneno yako, uyape namba. Mara ya tatu tafuta dai lililofichwa. Anayesema "programu ya kompyuta haina mwili, kwa hiyo haiwezi kufikiri" amenyamazia kwamba kisicho na mwili hakiwezi kufikiri, na ubishi wote uko hapo. Kabla ya kumpinga, iandike hoja yake katika sura yake yenye nguvu zaidi, hata kama yeye aliiandika vibaya.

Utafundishwa pia majina ya makosa ya hoja. Yajue, lakini usiwe mtu wa kuwabandika wenzako majina hayo kila wanapofungua mdomo. Hoja yenye kosa inaweza kabisa kuwa na hitimisho la kweli.

Baadaye utaanza uthibitisho, yaani kufika kwenye hitimisho kutoka kwenye madai hatua kwa hatua, na huko wiki moja ukiikosa, inayofuata huielewi. Ukikwama, anzia mwisho. Hitimisho likiwa sentensi ya "ikiwa", dhania sehemu yake ya kwanza kisha uitafute ya pili. Ikishindikana, dhania kinyume cha hitimisho lenyewe, uone kama utapata sentensi inayopingana na nyingine uliyokwisha kuiandika.

Mama yako