Kaka, waya kwanza shawa baadaye

Kaka,

Salamu nyingi toka Arusha, huku baridi imeanza kubisha hodi ila najua ya Mafinga ni habari nyingine kabisa, ndo maana uliponiambia unataka umfungie mama shawa mpya ya umeme kabla ya mwezi wa sita nimefurahi kweli. Mama amehangaika na maji ya vuguvugu miaka mingi. Lakini hapo uliposema fundi kakwambia "tunatoa cha zamani tunafunga cha 7500, nusu saa tumemaliza" nimeona hili haliishi kwa meseji mbili tatu, bora nikuandikie nikueleze yote.

Sikia, hicho kilichopo cha wati 3500 kwa umeme wetu wa volti 230 kinavuta kama ampia 15. Cha 7500 kinavuta 32 na ushee. Mtu anaweza kusema si imeongezeka mara mbili tu, sasa shida ni kwamba joto la waya haliendi hivyo, ampia zikizidi mara mbili na ushee joto kwenye waya uleule linazidi mara nne na zaidi, na pale penye maungio ndo balaa linapoanzia. Na waya wenyewe ni ule uliopitishwa wakati mzee anajenga, unapita darini juu ya mbao kavu, na nina uhakika mkubwa ni mwembamba wa milimita za mraba 2.5 maana enzi hizo karibu kila kitu ndani ya nyumba walikuwa wanakivutia waya huohuo.

Halafu nilipokuja msibani nilikitazama kile kiboksi cha fyuzi pale koridoni. Ni fyuzi zile za kufunga waya kwa mkono, na moja imefungwa nyuzi za shaba zilizosokotwa pamoja, nene, mtu alichoka ikikatika kila mara akaamua kuikomesha. Kaka hiyo ni hatari kuliko unavyodhani. Fyuzi kazi yake ikatike kabla waya haujachemka, sasa ukiweka shaba nene hivyo yenyewe haikatiki, kitakachoungua ni waya wa darini na mama yuko ndani amelala.

Kuna na hili la koki kumpiga shoti kidogo akishika akiwa analowa, ulilisema kama jambo dogo eti anavaa ndala anaoga. Si dogo hata kidogo. Nyumba nyingi za zamani ethi yake (ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) ilifungwa kwenye bomba la chuma la maji, bomba likaingia ardhini basi ikawa ndo ethi. Wewe mwaka juzi ulibadilisha mabomba ukaweka ya plastiki, si ndiyo? Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo kuna uwezekano nyumba nzima haina ethi tangu siku ile na hakuna aliyejua. Mwambie mama asitumie hiyo shawa tena, swichi izimwe, achemshe maji kwa jiko au birika kwanza, naomba sana hili lifanyike leo leo.

Sasa cha kufanya. Mimi ningekuwa wewe ningeachana na 7500, ningechukua ya 5500. Hiyo inavuta ampia 24 na inatosha kabisa, piga hesabu mwenyewe, maji yakitoka lita tatu kwa dakika 5500 inayapandisha nyuzi 26 hivi, yaani kama kwenye simtanki asubuhi yako nyuzi 14 yatakufikia na nyuzi 40, hayo ni moto mzuri wa kuoga mtu mzima. Ile 3500 kwa maji hayohayo inapandisha nyuzi 17 tu ndo maana mama analalamika. Na mita ya LUKU haitalia sana, dakika kumi ni kama uniti moja.

Shawa ipate laini yake peke yake kutoka kwenye meinswichi, isichangie na taa wala soketi. Waya uwe wa milimita za mraba 6, breka ya ampia 32, swichi kubwa inayokata mistari yote miwili ikae nje ya bafu. Asije mtu akakuwekea plagi, plagi ya soketi mwisho wake ampia 13, itayeyuka. Kile kiboksi cha fyuzi kitolewe chote, kiwekwe cha kisasa cha breka. Ethi ichimbiwe upya kwa rodi ya shaba na ipimwe kwa mashine, sio kuangalia kwa macho.

Na hapa usikubali kupunguza gharama, uweke ELCB ya miliampia 30, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukianza kuvuja. Sababu ni hii, tuseme ethi yenu ikapimwa ikawa na ukinzani wa omu 50, umeme ukivuja kuingia kwenye maji utapita kama ampia nne na nusu tu, breka ya 32 haitashtuka wala nini, itakaa inatazama. ELCB yenyewe inakata haraka, kabla moyo haujadhurika. Ikishafungwa mfundishe mama kubonyeza kile kitufe cha T mara moja moja, ikikata ujue inafanya kazi.

Dukani nenda na fundi lakini waya uushike wewe. Soma maandishi ubavuni na uangalie alama ya TBS (Shirika la Viwango), kisha omba kipande, kwaruza ncha kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani, ukiona weupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha. Fundi awe na leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, mwombe akuonyeshe, asiye na shida nayo hatakasirika. Huyo wa nusu saa mshukuru tu kwa heshima aende.

Najua pesa haiji yote mara moja. Kama itabidi ugawe, anza na kiboksi, ethi na ELCB, laini ya shawa ifuate, shawa yenyewe iwe ya mwisho hata kama ni mwezi wa saba, mama ataelewa ukimweleza.

Nipigie picha ya kiboksi kikiwa wazi na ya pale waya unapotokea darini kuingia bafuni (usiguse kitu, picha tu) nitume kwa fundi wangu wa huku anikadirie vifaa. Mimi nitachangia ELCB na breka, hilo tusibishane.

Msalimie sana mama.

Ndugu yako,
Arusha