Virusi havioti peke yake

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Nimeisoma barua yako mara mbili, na swali lako limenipendeza: kwa nini virusi havioteshwi juu ya agari, ile rojo ya chakula cha maabara, kama bakteria?

Bakteria ukimpa chakula na joto anajizalia mwenyewe. Kirusi hakiwezi. Hakina vyombo vya kujizalisha, kwa hiyo lazima kiingie ndani ya seli hai na kuitumikisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yetu maabarani si virusi hata kidogo, ni kulea seli. Tunazikuza kwenye chupa bapa zenye maji ya virutubisho, mara nyingi pamoja na serumu (majimaji ya damu) ya ndama, kwa joto la nyuzi 37. Hujishika chini ya chupa na kuenea mpaka zigusane. Hapo ndipo tunamimina virusi. Baada ya siku chache, virusi vingi huonyesha dalili chini ya darubini: seli huviringika, hubanduka, hufa. Huwa nakaa kwenye darubini kuliko inavyohitajika, kwa kuwa kirusi chenyewe sikioni, naona tu kilichompata mwenyeji wake, yaani seli.

Zamani, ili kukuza virusi, ilibidi kuambukiza wanyama. Mwaka 1931 watafiti Ernest Goodpasture na Alice Woodruff walikuza virusi vya ndui ya kuku ndani ya mayai yenye viinitete, na chanjo nyingi za mafua bado hutengenezwa kwa mayai. Lakini kwangu mwaka mkubwa ni 1949. Wengi waliamini polio huota katika tishu za neva tu, tishu ambazo zingeifanya chanjo kuwa ya hatari. Watafiti Enders, Weller na Robbins wakaikuza kwenye tishu za ngozi, misuli na utumbo. Bila hilo, chanjo ya polio ya 1955 isingewezekana.

Nakuomba ulikumbuke pia jina la Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani aliyefariki kwa saratani mwaka 1951. Seli zake zilichukuliwa bila ridhaa yake, zikatumika kuipima chanjo hiyo, na hadi leo zinaishi maabarani. Inaniuma kwamba familia yake ilikaa miaka mingi bila kujua.

Virusi vingine bado ni vigumu kuvikuza. Norovirusi ya binadamu, ile ya kutapika na kuhara, ilikataa kuota kwa miongo kadhaa. Mwaka 2016 ndipo ilipokubali kwenye seli za utumbo zilizokuzwa kutoka seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine), na kwa aina kadhaa zake ilibidi kuongeza nyongo.

Niandikie kama kuna palipokutatiza. Wasalimie wote.

Wako,
Salma