Mwanangu, Kabla Hujatia Sahihi

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi huku Kibokoni, Mombasa, tu wazima, alhamdulillahi, na nyanya yako anakusalimu sana. Zile kurasa ulizoniletea, za tamthilia wanayotaka uigize, nimezisoma zote baada ya isha, lakini kabla sijakwambia ninavyoziona, nataka tuzungumze kwanza juu ya Cicely Tyson, mwigizaji Mweusi wa Marekani. Wewe ulimwona akiwa mkongwe, alipoigiza mama yake Viola Davis katika tamthilia ya televisheni ya How to Get Away with Murder; sisi wa rika langu tunamjua kwa tamthilia ya Roots ya mwaka 1977, alipokuwa Binta, mama yake Kunta Kinte.

Alizaliwa New York mwaka 1924, akakulia Harlem, na wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis, huko Karibi. Mamake alikuwa mtu wa kanisa hasa, sinema kwake ni dhambi, na binti alipomwambia kwamba ameamua kuwa mwigizaji, alimtoa nyumbani. (Babako alilipenda sana fungu hili la habari, mpaka nilipomwambia kwamba baadaye walipatana.) Kabla ya hapo Cicely alikuwa akipiga chapa katika ofisi za Msalaba Mwekundu, huku akimlea mtoto wa kike aliyempata angali msichana mdogo.

Mwaka 1963 alipata nafasi ya karani katika tamthilia ya East Side/West Side ya kituo cha televisheni cha CBS, akaonekana humo na nywele zake fupi za asili, wakati ambapo mwanamke Mweusi aliyetaka kuonekana kwenye televisheni alitarajiwa kuzinyoosha nywele au kuvaa za bandia. Kisha ikaja filamu ya Sounder, mwaka 1972, alipoigiza mke wa mkulima fukara wa Louisiana, akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Alipokuwa akiitangaza filamu hiyo, mwandishi mmoja Mzungu alimwambia kwamba jambo lililomtatiza ni kumsikia mtoto Mweusi akimwita babake “Daddy”, vile vile mwandishi huyo anavyoitwa na mwanawe. Cicely alieleza baadaye kwamba ni hapo alipotambua kazi yake ni ya nini, na tangu hapo akawa anazikataa nafasi zinazomdhalilisha mwanamke Mweusi, hata ikawa anakaa muda mrefu bila kazi.

Usidhani alikataa kuigiza maskini au watumwa. Mwaka 1974, katika filamu ya televisheni ya The Autobiography of Miss Jane Pittman, alikuwa mwanamke aliyezaliwa utumwani, tunayemfuata tangu ujana hadi anapotimiza miaka 110. Uitafute, uitazame dakika za mwisho: bibi kizee yule, uso umejaa mikunjo iliyotengenezwa na mafundi kwa saa nyingi, anatembea polepole kwa mkongojo mpaka kwenye bomba la maji lililotengwa kwa Wazungu, anainama, anakunywa. Kazi hiyo ilimpa tuzo mbili za Emmy, ambazo ni za televisheni. Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, aliipata mwaka 2013, akiwa na miaka 88, Obama akamvisha nishani mwaka 2016, Oscar ya heshima ikafuata mwaka 2018, na alifariki tarehe 28 Januari 2021.

Sasa turudi kwenye kurasa zako. Msichana wa Mombasa wanayetaka umwigize anaingia na buibui na harufu ya udi, hana kazi, hana ndugu, hatuambiwi hata ni binti wa nani, na kufikia kipindi cha tatu amekuwa jini anayewamaliza waume za watu wa Nairobi. Sina ugomvi na jini. Hadithi za majini tumekuzwa nazo, na jini wa nyanya yako ana ukoo, ana wivu na ana mambo yanayomtia hofu. Huyu wa kwenu ana macho na buibui tu. Tena Kiswahili wanachomsemesha sijakisikia Kibokoni, Kisauni wala Likoni.

Kwa hiyo muulize mwelekezi: mama wa msichana huyu ni nani, Mombasa alikaa mtaa gani, Nairobi alifuata nini? Akiwa na majibu, au akikuruhusu mkayatafute pamoja, mimi sina pingamizi, na babako niachie mimi. Akikwambia hayo hayana haja, mshukuru, urudi kwenye hesabu zako ofisini. Kazi hiyo usiiache kwa sasa, maana ndiyo itakayokuwezesha kukataa.

Mkataba nao hausemi kama malipo ni kwa siku au kwa kipindi, wala nani atagharamia nauli mnapopiga picha usiku. Mpelekee mjomba wako nakala kabla ya Ijumaa, na usitie sahihi mpaka akupigie simu.

Wasalaam,
Mamako